Somo: Kurudia uchoraji uliouacha utotoni, baridi ikikufungia ndani

Baridi ikishika, giza huingia mapema na jioni inakuwa ndefu mno. Mwaka juzi, nikipekua sanduku la zamani, nilikuta krayoni zangu za shule, nyingi vipande. Nikajichorea nyumba. Ikatoka vilevile: paa la pembetatu, jua limebanwa kwenye kona, miale kama vijiti. Nilicheka peke yangu.

Hatua ya 1: Anzia ulipoishia. Wengi huacha kuchora kati ya miaka 9 na 11, pale mtoto anapotaka farasi wake afanane na farasi na mkono unagoma. Ndiyo maana mkono wako bado una miaka 10. Haujaharibika, ulisimama tu. Chora kwanza kile ulichokuwa ukikichora, hata kama ni jua la kwenye kona.

Hatua ya 2: Usinunue vitu vingi. Penseli laini ya 2B, krayoni, karatasi. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 (uzito wake kwa mita ya mraba) inatosha kwa krayoni, ila rangi za maji zitaikunja. Kwa hizo tafuta ya gramu 300.

Hatua ya 3: Acha vifaa mezani. Ukivifungia kabatini umekwisha. Meza iwe karibu na dirisha, maana chini ya taa ya manjano huioni krayoni ya njano kwenye karatasi nyeupe. Nimeshawahi kupaka ua zima mara mbili kwa sababu hiyo.

Hatua ya 4: Picha ya kuparura. Hii ndiyo niipendayo. Jaza karatasi ngumu kwa mabaka ya krayoni za rangi kali, bila mpangilio. Kandamiza hadi nta ing'ae na weupe usionekane. Ukipaka kijuujuu, rangi nyeusi itaingia kwenye karatasi na haitatoka tena. Kisha funika yote kwa rangi nyeusi nzito, iache ikauke kabisa. Chukua kijiti cha meno, uparure. Mstari wa kwanza unapoibuka, mwekundu unaogeuka kijani katikati ya njia, utajikuta umeshika pumzi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, rangi nyeusi yangu haishiki. Inajikusanya matonematone kama umande juu ya jani la mgomba.*

Nta inakataa maji, ndugu yangu. Changanya tone moja au mawili ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye rangi yako, upake upya. Kama bado, rangi yako ni nyepesi mno.

*Nina miaka 63. Si nitachekwa nikikutwa na krayoni?*

Shikamoo mama. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse alifanyiwa operesheni kubwa mwaka 1941, akiwa na miaka 71, na baada yake hakuweza tena kusimama muda mrefu mbele ya turubai. Akageukia mkasi na karatasi zilizopakwa rangi, akikata akiwa kitandani au kwenye kiti cha magurudumu. Kazi ya chekechea kabisa, na leo imetundikwa kwenye majumba makubwa ya sanaa. Atakayekucheka, mpe naye krayoni.

*Krayoni za mafuta zimekuwa ngumu, hazitoi rangi.*

Ni baridi hiyo. Zishike kiganjani dakika chache kabla ya kuanza. Usiziweke juu ya hita. Nilifanya hivyo, nikabaki na uji wa zambarau.

*Utotoni tulinyunyiza chumvi kwenye rangi za maji zikatoka nyota. Sasa nikijaribu sipati kitu.*

Unakosea wakati. Karatasi ikiwa imelowa chapachapa, chumvi huyeyuka tu. Ikishakauka, haina cha kunyonya. Inamisha kichwa uitazame karatasi kwa upande: mng'ao wa maji ukianza kufifia, nyunyiza punje chache, kisha ondoka mezani. Usiiguse hadi ikauke, ndipo uikung'ute.