Kutafuta spea za laptopu ya Framework ukiwa Arusha

Wateja wanaoleta kwa fundi laptopu za Framework, kampuni inayounda laptopu rahisi kutengenezwa, hapa Arusha mara nyingi ni watafiti na watu wa utalii. Kuzifungua ni raha: bisibisi moja ya T5 (yenye ncha ya nyota), na kila kipande kina msimbo wake wa QR. Kinachosumbua ni spea, maana kampuni haiuzi moja kwa moja Tanzania. Mwongozo huu ni wa Framework 13.

Hatua ya 1: Tenganisha spea. RAM, SSD ya M.2 2280 na kadi ya Wi-Fi ni za kawaida. Zitafute mjini au agiza Kariakoo zije na basi. Kwenye RAM uwe makini: matoleo ya 2021 yanatumia DDR4, ya prosesa za Ryzen 7040 yanatumia DDR5, na haziingiliani. Mtumie muuzaji picha ya stika. Betri, madabodi, bawaba na kibodi ni za Framework peke yake.

Hatua ya 2: Skani QR ya kipande kibovu, unakili jina na toleo lake kabla ya kuuliza bei.

Hatua ya 3: Betri. Hapa ndipo pagumu. Tangu Aprili 2016, betri za lithiamu zinazotumwa peke yake haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria, hivyo wasafirishaji wengi huzikataa. Lakini abiria anaruhusiwa kubeba betri ya akiba isiyozidi Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri), mradi iwe kwenye begi la mkononi. Za Framework 13 ni Wh 55 au 61. Wageni wanashuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) kila siku. Mteja amtafute mwenzake anayekuja kutoka nje, betri ifikie kwake huko, aibebe ikiwa kwenye boksi lake pamoja na risiti. Mkumbusheni kwa maandishi: isiingie begi kubwa.

Betri ya kuigiza mimi sifungi, hata mteja akisihi. Iliyovimba itoe mara moja, usisubiri mpya ifike.

Hatua ya 4: Madabodi pitisha kwa wakala wa mizigo. Mpigie mteja hesabu yote mapema, pamoja na VAT ya 18%, na ankara ionyeshe bei halisi.

Hatua ya 5: Jiwekee akiba. Framework 13 ikifa kabisa, mwombe mwenyewe akuuzie. Bawaba na kibodi zake zitaingia kwenye Framework 13 nyingine, na mteja ajaye hatasubiri ndege.