Shanta la Siku Moja: Lijaze Kwanza, Ndipo Ulipe

Mwaliko huja hivi: Ijumaa jioni mwenzako wa kazini anakuuliza kama kesho utaungana nao mlimani, "kutembea kidogo tu". Unakubali. Asubuhi unagundua kidogo chao ni kilomita 18, na wewe umebeba begi la kompyuta. Mimi ndivyo nilivyoanza. Saa nzima haijapita, mikanda myembamba ilikuwa imeshanikata mabega. Chupa ya maji ilinigonga kiunoni kila hatua, na mvua iliponyesha, sweta niliyoitegemea ikalowa chapachapa humohumo ndani ya begi.

Tangu hapo nimenunua mashanta matatu, yaani mabegi ya kubeba mgongoni, mawili kwa makosa. Kosa lilikuwa lilelile: nililipenda likiwa tupu. Shanta tupu halimuumizi mtu.

Wengi huanza kwa kuuliza lita, yaani ujazo wa shanta. Kwa matembezi ya kiangazi, lita 20 hadi 25 zinatosha. Wakati wa baridi unabeba koti nene, glavu na chupa ya chai, na ukiwa na mtoto vitu vyake navyo vitaishia kwako, kwa hiyo nenda kwenye 28 au 30. Usivutwe na la lita 40 kwa hoja kwamba utalitumia na safarini. Nafasi ikiwepo utaijaza tu, na usipoijaza mzigo utakuwa unachezacheza ndani na kukuyumbisha kwenye mawe.

Halafu kuna uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo lita mbili ni kilo mbili kabla hujaweka hata kipande cha mkate. Kipimo ambacho wapanda milima hupenda kukitumia ni kwamba mzigo wa siku moja usizidi sehemu ya kumi ya uzito wako: mwenye kilo 70 abebe kilo 7 au chini yake.

Sasa mgongo, na hapa usiwe na haraka. Kinachopimwa ni urefu wa mgongo. Kimo hakisaidii, maana mtu mrefu anaweza kuwa amerefuka miguu tu. Inamisha kichwa, papasa nyuma ya shingo mpaka upate pingili iliyojitokeza kuliko nyingine. Kisha shika kiuno juu ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vikielekea nyuma. Mtu akupimie kwa futi ya fundi cherehani, kutoka kwenye ile pingili hadi usawa wa vidole gumba. Watengenezaji wengi huonyesha shanta linafaa mgongo wa sentimita ngapi. Mashanta ya kike kwa kawaida huwa na mgongo mfupi na mikanda iliyokaribiana, iliyopinda kupisha kifua. Mwanamume mwenye mabega membamba akijaribu la kike likamkaa, alichukue. Mlimani hakuna anayesoma lebo.

Dukani omba uzito wa kujaribia. Maduka mengi ya vifaa vya milimani yana vifuko vya mchanga kwa kazi hiyo. Wasipokuwa navyo, nenda na chupa zako za maji. Weka kilo tano ndani, legeza mikanda yote, vaa. Anza na mkanda wa kiunoni: uketi juu ya mifupa ya nyonga, usikae tumboni. Ndipo ukaze ya mabegani, kisha wa kifuani, ambao kazi yake ni kuzuia ile mingine isiteleze, kwa hiyo usiukaze mpaka ukabanwa pumzi. Tembea robo saa. Panda ngazi, chuchumaa kama unayefunga kamba za viatu, inua mikono. Mkanda ukikugusa shingo, rudisha. Ukiona mwanga kati ya mkanda na bega, mgongo wa shanta ni mrefu kwako.

Uangalie vizuri mkanda wa kiunoni wenyewe. Ule wa utepe mtupu, usio na sponji, unazuia tu shanta lisiyumbe, haubebi kitu. Kwa mzigo mdogo hauna neno. Ukishafika kilo sita, mabega yatakudai.

Ukinunua mtandaoni, hakikisha linarudishika, kisha fanya jaribio hilohilo nyumbani kwa vitabu, lebo zikiwa bado zinaning'inia.

Kuhusu mvua nina ubishi na wauzaji wanaosema shanta lao halipitishi maji. Kitambaa kinaweza kweli kisipitishe maji, lakini maji hupita kwenye mishono na zipu. Kile kifuniko cha mvua nacho hupeperushwa na upepo, tena hakifuniki upande wa mgongoni, kule maji yanakotiririka kutoka shingoni kwako. Dawa ni mfuko mzito wa takataka: uuweke ndani ya shanta, tia vitu humo, sokota mdomo. Kifuniko kiwe cha manyunyu na matope.

Mgongo wa wavu, ule unaoacha nafasi ya hewa, husaidia mtu anayetoka jasho sana. Lakini hula nafasi ya ndani na kuusogeza mzigo mbali na mwili. Mifuko ya pembeni ijaribu kwa kutoa chupa na kuirudisha bila kuvua shanta. Mfuko wa maji wenye mrija ni raha kiangazi; kwenye baridi kali maji huganda mrijani.

La mtumba? Lichukue, ila ingiza mkono mpaka chini kabisa. Utando wa ndani ukinata au ukibanduka kama magamba, umeshakufa. Vuta mikanda kwa nguvu pale iliposhonewa.

Klipu ya kifuani mara nyingi huwa na filimbi ndogo ambayo watu hawaijui. Wito wa msaada unaotumika milimani Ulaya ni kupuliza mara 6 ndani ya dakika moja, kunyamaza dakika moja, na kurudia. Ukisikia mipulizo 3 kwa dakika, wamekujibu.

Kupanga ni rahisi: vizito vikae karibu na mgongo, usawa wa katikati, vyepesi chini na nje, koti la mvua juu. Na tochi ya kichwani iwe kwenye mfuko wa juu kabisa, hata mkisema mtarudi saa tisa. Sisi tuliokulia karibu na ikweta tumezoea jua la kuzama saa kumi na mbili. Kaskazini mwa Ulaya, Desemba, linaweza kuzama kabla ya saa kumi. Ile siku ya begi la kompyuta, kilomita mbili za mwisho niliziteremka nimeshika mkono wa koti la mwenzangu, kwa kuwa tochi alikuwa nayo yeye.