Somo: Kuwazoesha watoto na vijana ngoma, taarab na burudani za jukwaani

Kosa la wazazi wengi ni kuanzia kwenye tamasha la usiku. Mtoto wa miaka sita, saa tatu kasinzia mapajani, na mzazi anahesabu hela ya kiingilio iliyopotea. Anzeni na kitu kifupi, cha mchana, ambacho mtazamaji ana kazi ya kufanya. Sanaa zetu nyingi ziko hivyo: ngoma inataka waitikiaji, taarab inataka mtu ainuke akatunze. Mpe mtoto kazi, hutahangaika kumwambia anyamaze.

Hatua ya 1: Mahali

Kwa wadogo wa Dar es Salaam, napendekeza Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama siku yenye ngoma (ulizeni kabla ya kwenda). Ni uwanja wa wazi. Mtoto akichoka anakwenda kuchungulia nyumba za makabila, ngoma ikikolea anarudi mwenyewe.

Mlioko Mwanza mna bahati zaidi, mna Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, pale Bujora, Kisesa, mwezi Juni. Makundi mawili ya wachezaji, Bagika na Bagalu, yanacheza kwa kushindana, na mshindi ni lililovuta watu wengi upande wake. Kwa hiyo mtoto akihama kutoka kundi hili kwenda lile, amepiga kura. Mwambieni hivyo kabla, mtaona atakavyotazama kwa makini.

Hatua ya 2: Fikeni kabla ya muda

Hii ndiyo hatua watu wanairuka, na mimi naiona kubwa kuliko zote. Ngozi ya ngoma hulegea kwa unyevu, kwa hiyo wapigaji huipasha moto kwanza. Wanawasha makaratasi au majani makavu, wanaizungusha ngozi juu ya moto, wanaigonga kwa vidole, wanatega sikio, wanairudisha tena mpaka mlio upande. Kubwa ina mlio wake, ndogo ina wake. Mtoto aliyeyaona haya hasikii tena kelele moja tu. Anaijua ile fupi iliyopashwa mara ya pili, na katikati ya onyesho ataisikia ikilegea kabla yako.

Hatua ya 3: Swali moja tu

Msimjaze mtoto historia ya kabila. Muulizeni: "Nani anaongoza?" Mara nyingi ni mwenye filimbi au mpiga ngoma mkuu, maana mchezo ukibadilika, ishara hutoka kwake. Kwa muheme wa Wagogo, mwambieni awatazame wanawake wanavyozibana ngoma mapajani huku wanapiga na mwili mzima unacheza. Inatosha kwa siku hiyo.

Hatua ya 4: Taarab, kwa walio darasa la sita kwenda juu

Taarab asilia huanza na bashrafu, muziki mtupu bila maneno, na hapo ndipo kijana hutoa simu mfukoni. Mwonyesheni mpiga kanuni (ala ya nyuzi inayolazwa): nyuzi zaidi ya 70, na kila kidole cha shahada kimevishwa pete yenye kucha ya kuchapia nyuzi. Mpeni dakika mbili amtazame.

Wimbo ukianza, kazi ni kufumbua. Mtunzi wa taarab hasemi jambo waziwazi. Atataja ua, tunda au chombo baharini, nawe ujue nani anapigwa kijembe. Vijana wanaijua sana michezo hiyo, kwenye magrupu yao ya simu hawafanyi kingine. Kisha kuna kutunza. Mpe binti noti, aende mbele kwa mwendo wa wimbo, amkabidhi mwimbaji, arudi. Akitunza ubeti uliomgusa, hakuna haja ya kumuuliza kama ameelewa.

Zanzibar wana vikundi vya kale: Nadi Ikhwan Safaa tangu 1905, na Culture Musical Club tangu 1958. Rusha roho (taarab ya kisasa) za usiku na mipasho yake, subirini wakue. Si kwa sababu ya maneno tu. Shughuli huanza wakati watoto wanatakiwa wawe kitandani.

Hatua ya 5: Mazoezi

Ombeni ruhusa kwa kiongozi wa kikundi, muende siku ya mazoezi. Huko kijana anamwona mtu mzima akikosea, akirudia, akikaripiwa, akicheka. Bagamoyo, kwenye TaSUBa (chuo cha sanaa kilichoanza 1981), wanafunzi wa huko si wakubwa sana kuliko mwanao. Hilo peke yake linamfungua macho.

Hatua ya 6: Mkirudi nyumbani

Msimfanyie mtihani. Akigeuza ndoo kuwa ngoma, vumilieni.

MASWALI

Tabata: Shikamoo dada. Wangu ana miaka minne, aliona kinyago cha Wamakonde kinacheza akalia mpaka tukaondoka. Nimrudishe?

Marahaba. Mrudishe, lakini simameni mbali, aisikie ngoma kwanza kabla ya kukiona. Na usimwombe mchezaji avue ili mtoto "aone ni mtu". Mapiko, yaani vinyago hivyo, hayavuliwi mbele ya watu, huo ndio mwiko wenyewe.

Mbagala: Kijana wangu wa kidato cha tatu anasema ngoma ni ushamba, yeye ni singeli tu.

Basi anzia kwenye singeli. Muulize yale mapigo yametoka wapi. Akifuatilia atakuta vinanda vya taarab vilivyokatwa na kuongezwa kasi, na mchiriku na mdundiko wa uswahilini humohumo. Halafu ukiweza mpeleke Sauti za Busara, tamasha la muziki la Zanzibar, pale Ngome Kongwe, mwezi Februari. Pale wanapiga laivu, hakuna kufungulia sidii na kuchezesha midomo. Akishaona bendi inatoka jasho, ubishi utapungua.

Mwanakwerekwe: Kiingilio cha watu sita hatukiwezi.

Maandamano ya kufungua Sauti za Busara hayana kiingilio, beni (bendi ya matarumbeta na ngoma) inapita barabarani na watoto wanafuata nyuma. Harusi nazo ni jukwaa: ngoma za msewe na kibati, na beni, vyote vimo. Maulidi ya homu pia ni kitu cha kuona, ile mistari ya vijana inavyopinda kwa pamoja. Ila hiyo ni ibada, kwa hiyo vaeni ipasavyo na msiende kupiga picha kama watalii.

Ubungo: Nina mchanga wa miezi minane, nikimtia pamba masikioni inatosha?

Haitoshi, pamba inazuia kidogo sana. Kaa mbali na spika, au tafuta vile vifuniko vya masikio vya watoto. Ngoma za uwanjani zisizo na spika ni nafuu zaidi kwake, na akianza kuhangaika, ondokeni tu.