Kukifuata kifua kikuu kutoka machinjioni hadi bomani: maelekezo kwa afisa mifugo mgeni Arusha

Ukitaka kujua kifua kikuu kinavyozunguka kati ya ng'ombe, nyumbu na watu wa huku kwetu, usianzie mbugani. Anzia machinjioni, alfajiri, kabla nyama haijapakiwa.

Mkaguzi wa nyama ana haraka na wenye bucha wanamsubiri nje, kwa hiyo elewana naye mapema. Mwombe akuwekee tezi za koo, za kifuani kati ya mapafu, na za utumbo. Zikate vipande vyembamba. Tezi iliyoshambuliwa mara nyingi ina uvimbe wa rangi ya njano, mlaini kama maziwa yaliyokatika, na kisu kikipita unasikia kinakwaruza: hiyo ni chokaa iliyojijenga ndani. Andika uvimbe uliukuta wapi. Wa kifuani unaashiria kuwa mnyama alivuta vimelea kwa hewa. Wa utumbo, kwamba alivimeza, pengine akiwa ndama ananyonya. Usihukumu kwa macho peke yake, maana yako majipu yanayofanana.

Sampuli igawe mara mbili. Kipande kimoja kiingie kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia isioze, kwa ajili ya hadubini, kingine kwenye kichupa safi kikavu, juu ya barafu. Nimewaona wasomi wazima wakitumbukiza vyote kwenye formalini, kisha wanailaumu maabara kwamba hakuna kilichoota. Kitaota nini, na formalini imeshaua kila kitu? Mwambie pia mtu wa maabara kwamba unashuku Mycobacterium bovis, kimelea cha ng'ombe. Hiki hakistawi vizuri kwenye chakula cha kuoteshea chenye giliserini kinachotumika kwa kile cha binadamu, kinataka piruveti. Kisha subiri, kuota kwake ni wiki 6 hadi 8, pengine zaidi. Lebo andika kwa penseli, wino unayeyuka kwenye barafu.

Sasa kazi yenyewe: huyu ng'ombe katoka wapi? Hapa ndipo tafiti nyingi zinapokufa. Kibali cha kusafirishia mara nyingi kitakupeleka mpaka mnadani, Meserani au Weruweru, na hapo njia inakatika. Kwa hiyo, kabla ngozi haijachukuliwa machinjioni, ikague. Ikunjue, futa damu, piga picha alama ya moto na mikato ya masikio, na hereni kama ipo. Kisha nenda na picha hizo kwa madalali na waswagaji. Wazee wa mnadani wakiangalia alama ile watakutajia ukoo, na mara nyingi eneo. Daftari langu la alama nalithamini kuliko mashine yoyote, na nitakueleza sababu mbele.

Bomani usiende na sindano siku ya kwanza. Nenda na mtu anayejulikana, salimia, kunywa chai (imechemka, usiogope). Habari za maziwa muulize mama, si mzee, maana maziwa ni yake.

"Yeyo, maziwa mnachemsha?"

"Ya chai tunachemsha."

"Na ya kibuyu?"

Hapo atacheka, na jibu umelipata. Kugandisha maziwa hakutoshi kuua vimelea, wala moshi wa kibuyu hautoshi. Kuchemsha kunaua.

Kipimo cha ngozi kinataka siku mbili za kazi, zinazopishana saa 72. Nyoa sehemu mbili shingoni, pima unene wa ngozi kwa kalipa, kisha choma tuberkulini (dawa ya kupimia, inayotengenezwa kutokana na vimelea) ya aina ya ng'ombe sehemu moja na ya aina ya ndege sehemu nyingine. Hiyo ya ndege ni kwa sababu udongo na maji yana vimelea vya jamii hiyo hiyo visivyo na shida, navyo huifanya ngozi ivimbe. Ukirudi, pima tena palepale. Ngozi upande wa ng'ombe ikiongezeka kuliko upande wa ndege kwa zaidi ya milimita 4, mhesabu ana ugonjwa. Ng'ombe ambaye majibu yake hayaeleweki usimpime tena kabla ya siku 42, mwili utakudanganya. Na kabla hujachoma hata mmoja, kaa na daktari wa mifugo wa wilaya mkubaliane aliyevimba atafanywaje. Mkinyamaza, mfugaji atamtanguliza mnadani, na ugonjwa umeusafirisha wewe.

Kwa watu, wewe si daktari. Ukisikia kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, kukonda, au mtoto mwenye mitoki shingoni isiyoisha, peleka habari kwa Mratibu wa Kifua Kikuu na Ukoma wa Wilaya, kwa siri. Mweleze kuhusu maziwa mabichi, kwa kuwa GeneXpert, mashine ya hospitali ya kupimia makohozi, itasema kifua kikuu kipo lakini haitasema ni cha ng'ombe au cha binadamu. Na kile cha ng'ombe kwa asili yake hakisikii pirazinamidi, mojawapo ya dawa 4 za miezi miwili ya mwanzo. Usimwambie mama ng'ombe wake ndiye aliyemwambukiza mtoto. Huenda ni kinyume. Watu nao huwaambukiza ng'ombe.

Wanyamapori waachie wenye kibali. Kipimo cha ngozi kwa nyumbu maana yake umkamate mara mbili ndani ya siku tatu, jambo gumu mno, ndiyo maana wanategemea damu na mizoga. Kimelea hiki kimeshaoteshwa kutoka kwa nyumbu wa Tanzania, na kule Kruger, Afrika Kusini, kimetoka kwa nyati hadi kwa simba wanaowala. Ukikuta mzoga usiuguse, piga simu kwa askari wa wanyamapori au TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, Njiro. Wewe chora daftarini kalenda ya malisho na maji. Nyumbu wa Tarangire hushuka tambarare za Simanjiro kuzaa wakati wa mvua, na wafugaji huwahamisha ng'ombe kwa hofu ya ugonjwa mwingine unaoletwa na ndama wa nyumbu. Kwa hiyo mimi naulizia zaidi visima na malambo ya kiangazi, kuliko majani.

Mwisho kuna kulinganisha vinasaba vya kimelea, sampuli kwa sampuli. Kimelea hiki kina herufi za vinasaba zaidi ya milioni 4 na hubadilika kwa wastani usiofika herufi moja kwa mwaka. Sampuli ya ng'ombe na ya nyumbu zinaweza kufanana kabisa, na mashine isijue nani alimpa nani. Hapo mtaalamu atakugeukia na kuuliza: huyu ng'ombe alikunywa maji wapi kiangazi kile? Fungua daftari.