Kusimamisha msalaba wa darubini ya bunduki kwa timazi

Msimu mzima niliulaumu upepo. Kwenye mita 100 risasi zangu zilikuwa zinagusana, lakini nikisogea mita 800 kundi zima linahamia kulia kama sentimita 20, hata asubuhi ambazo jani halitikisiki. Kumbe msalaba wa darubini, yaani mistari miwili inayokatana unayolengea, ulikuwa umeinama nyuzi (digrii) 2.

Fanya hesabu hii uone. Kufika mita 800 ilinibidi kuzungusha kirekebishi cha juu, kitufe cha darubini kinachopandisha mapigo, mili 7 (mili 1 ni sehemu moja ya elfu ya umbali). Mili 1 kwa umbali huo ni sentimita 80, kwa hiyo nilikuwa napanda mita 5.6. Panda kiasi hicho kwa kufuata mstari ulioinama nyuzi 2, utaishia karibu sentimita 20 pembeni. Kwenye mita 100 hujapandisha chochote, ndiyo maana kosa hujificha.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote, toa magazini, toa bolti, kisha chungulia chemba na uipapase kwa kidole. Usiruke hili hata kama una hakika.

Hatua ya 1: jicho. Laza darubini kwenye pete zinazoishikilia juu ya bunduki, bila kuzikaza. Weka ukuzaji wa juu kabisa, fumba macho, kaa kwenye bunduki ulivyozoea kulenga, halafu fumbua. Ukiona kivuli cheusi pembezoni, sogeza darubini mbele au nyuma mpaka picha ijae. Kisha itazame sehemu nyeupe isiyo na kitu na uzungushe pete ya upande wa jicho mpaka mistari ya msalaba ikolee.

Hatua ya 2: bunduki. Ifunge kwenye stendi isiyocheza, weka pimamaji juu ya reli (ukanda wa juu wa bunduki unaobeba pete), sawazisha. Wengi huweka pimamaji nyingine juu ya kofia ya kirekebishi cha juu na kuamini kazi imekwisha. Siipendi njia hiyo, kwa sababu hakuna uhakika kwamba kofia imelingana na msalaba ulio ndani. Unachotaka kusimamisha ni msalaba wenyewe.

Hatua ya 3: timazi. Hii ndiyo roho ya kazi yote. Ning'iniza uzi mnene wenye kizito, mbali kiasi ambacho darubini yako inauona vizuri, na uzamishe kizito kwenye ndoo ya maji ili kisipepesuke. Uzi uliotulia hauwezi kukudanganya: unaonyesha mwelekeo ambao mvutano wa dunia unaivuta risasi, na huo ndio mstari unaotaka msalaba wako uufuate. Zungusha darubini taratibu ndani ya pete mpaka mstari wa wima ulale juu ya uzi, kuanzia juu hadi chini. Pumzisha jicho dakika moja, tazama tena.

Hatua ya 4: kukaza. Hapa ndipo kazi nzuri huharibika, kwa kuwa skrubu zikikazwa huizungusha darubini pamoja nazo. Kaza kidogo kidogo kwa kuvuka, kulia kisha kushoto, na kila mzunguko rudi kuutazama uzi. Nafasi kati ya vipande viwili vya pete iwe sawa pande zote. Fuata kipimo cha kukazia cha mtengenezaji wa pete. Ukibana kupita hapo unaweza kuliponda bomba.

Hatua ya 5: hakikisha kwa risasi. Ukiwa uwanja wa shabaha, mita 100, simamisha ubao mrefu na uchore mstari wa wima wa zaidi ya mita 1 kwa timazi. Lenga alama ya chini, piga risasi tano. Pandisha mili 10, lenga alama ileile, piga tano nyingine. Kundi la pili litue sentimita 100 juu ya la kwanza, kwenye mstari. Likiwa sentimita 1.7 pembeni, msalaba umeinama digrii 1, sentimita 3.5 ni digrii 2. Likiwa kwenye mstari ila limefika sentimita 97 tu, msalaba ni mzima, ila kirekebishi hakipandi kiasi kinachosema, na utaongeza tofauti hiyo kwenye hesabu zako.

Mtu anaweza kuuliza: je, kama bunduki yenyewe imeinama kidogo begani lakini msalaba umesimama? Hilo halinisumbui. Darubini iliyo sentimita 5 juu ya mtutu, bunduki ikiinama nyuzi 2, huhama milimita 1.7 tu pembeni ya mtutu. Ukiwa umeweka sifuri kwenye mita 100 (yaani umerekebisha darubini risasi ipige pale unapolenga), kosa hilo kwenye mita 1,000 halifiki hata sentimita 2. Lakini msalaba ukiinama nyuzi 2 nawe umepandisha mili 10, umekosa kwa sentimita 35.

Kwa hiyo funga pimamaji ndogo kwenye bomba la darubini, siyo kwenye reli. Ifunge msalaba ukiwa bado juu ya uzi, kiputo kikiwa katikati, na ukiwa uwanjani kitazame kabla kidole hakijagusa kifyatulio.