Ukiishiwa hela ya dawa: fanya haya kabla hujakata kidonge

Mama yangu alikuwa akikata vidonge vya presha kwa wembe. Niligundua siku ile ninavuta godoro lake kutafuta kitambulisho, bajaji ikisubiri nje. Chini yake palikuwa na khanga kuukuu, pindo limefungwa fundo, ndani mna nusunusu za vidonge kumi na moja. Mdomo wake ulikuwa umeshakwenda upande na mkono wa kulia umelegea: kiharusi. Mwezi mzima nikimuuliza alinijibu, "Nimekunywa, mwanangu." Na kweli alikunywa: nusu, tena siku ambazo kichwa kinamgonga tu, maana alijua nakusanya ada ya mjukuu wake.

Huo ulikuwa mwaka 2017, hapa Morogoro, na mimi kazi yangu ni kuuza vitumbua. Tangu hapo majirani wananijia kibarazani na cheti cha dawa mkononi na hela isiyotosha. Ninachowaambia ndicho hiki.

Sema "sina" mapema, na umwambie anayeandika dawa. Wengi wetu tunaitikia "sawa daktari", tukifika dukani ndipo tunachagua kwa bei: hii nipe, hiyo acha, hii nipe nusu. Muuza duka hajui ipi inakushikilia uhai. Rudi chumbani kwa daktari hata kama foleni inanung'unika, useme hivi: "Leo nina 8,000. Kati ya hizi tatu, ipi isikose kabisa? Na ipo nyingine ya bei nafuu inayofanya kazi hiyohiyo?" Mara nyingi ipo. Omba pia akuandikie jina la dawa yenyewe badala ya jina la kampuni. Amlodipine, dawa ya presha, ni amlodipine tu, lakini boksi moja na jingine bei zinaweza kupishana sana. Pita maduka matatu kabla hujatoa hela. Kwenye vipimo pia, uliza: "Kipi lazima leo, na kipi kinaweza kungoja?"

Zipo dawa ambazo hata kwa siku moja usizipunguze kwa akili yako. Insulini kwa mtoto au mtu mzima anayeitegemea: akiikosa, anaweza kufa ndani ya siku chache. Dawa za kifafa: ukizikatisha ghafla, degedege hurudi kwa nguvu na linaweza lisikatike. Propranolol ya moyo nayo haiachwi ghafla. Dawa za kifua kikuu na ARV, yaani dawa za virusi vya UKIMWI, hutolewa bure kwenye vituo vya serikali, kwa hiyo hapo kinachomshinda mtu huwa nauli. Waambie wahudumu hivyo hivyo. Anayetumia ARV vizuri na hali yake imetulia anaweza kupewa za miezi kadhaa kwa mkupuo, na hiyo ni bora mara elfu kuliko mke na mume kugawana kopo moja. Na zile antibayotiki za "nipe za elfu moja" tafadhali tuache. Kama dozi nzima imekushinda, omba dawa nyingine ambayo utaweza kuimaliza.

Sasa nije kwenye mlango nilioupita siku tano.

Usiku ule wa kwanza niliambiwa gharama, nikatetemeka. Asubuhi nikaenda kwa wakopeshaji, hii mikopo tunayoiita kausha damu. Nilichukua 300,000 kwa masharti ya kurejesha 15,000 kila siku kwa siku 30. Piga hesabu: ni 450,000. Vitumbua havina faida hiyo. Cherehani yangu iliondoka wiki ya pili, kitanda changu wiki ya tatu. Siku ya tano wodini, dada anayefanya usafi aliniona nalia kwenye korido akaniuliza, "Mama yako ana miaka mingapi?" Nikamwambia 67. Akanishika mkono mpaka kwenye mlango ulioandikwa Ustawi wa Jamii. Nilikuwa nimeshaupita mara nyingi nikienda kulipa.

Sera ya Tanzania inasema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila malipo kwenye vituo vya umma. Wamo pia mama mjamzito na mtoto chini ya miaka mitano. Aliye maskini na hayumo kwenye makundi hayo anaweza kuombewa msamaha wa malipo baada ya kuhojiwa. Kwa hiyo ukifika, kabla hujalipa chochote kikubwa, mwambie muuguzi: "Naomba kuonana na afisa ustawi wa jamii." Nenda na kitambulisho na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji, na kama kaya yenu iko TASAF, ule mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, sema. Huna barua kwa sababu mmekuja usiku? Nenda hivyo hivyo, halafu tuma mtu aifuate. Utaulizwa unaishi na nani, mnakula nini, nani anakusaidia. Jibu yote. Mimi nilijisikia kama navuliwa nguo mbele ya watu, lakini yule afisa alikuwa ananitafutia maneno ya kuandika kwenye fomu.

Msamaha hauleti dawa dirishani, hilo ulijue. Utaambiwa "haipo, kanunue nje". Hapo rudi tena kwa daktari, uulize iliyopo leo inayoweza kuchukua nafasi yake.

Ukiruhusiwa na bado kuna deni, usitoroke. Najua watu waliotoka wodini na kanzu ya kukopa, mgonjwa akizidiwa tena wakaogopa kurudi, naye akafia nyumbani. Omba kulipa kidogokidogo, yaandikwe kwenye karatasi, na ubaki na nakala.

Mwaka 2011 maelfu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Nimewaza sana kwa nini wengine walitoka vitandani hospitalini kwenda kule, na sidhani ni ujinga. Kikombe kilikuwa 500, na kila mtu aliijua bei kabla hajatoka nyumbani. Hospitali mtu anaingia hajui atatoka na deni gani. Ndiyo maana nasisitiza kuuliza bei mapema, kila hatua, bila kuona haya.

Bima nayo inunuliwe mtu akiwa mzima. Tulipojiunga na CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, familia ya watu sita tulilipa 30,000 kwa mwaka, na tuliichanga kwenye kikoba chetu. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa mwaka 2023 na viwango vinaweza kubadilika, kwa hiyo uliza kituoni kwenu mwezi huu, usisubiri homa.

Ila mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakikwama, usihesabu hela. Pakia mgonjwa. Mengine yatasemwa hukohuko.

Mama yupo. Anaongea polepole na kikombe anakishika kwa mkono wa kushoto. Kila Jumapili jioni tunamwaga vidonge vyake kwenye sinia, tunahesabu pamoja. Vikibaki kumi, Jumatatu naenda kununua, au naenda kusema sina.