Namna ya kusahihisha picha ya zamani ya India kabla hujapanda ndege

Nawaandikia Wahindi wenzangu mlio nje, hasa mliokulia Dar es Salaam, Mombasa na Kampala, ambao Kiswahili kinawatoka kwa urahisi kuliko Kigujarati. Mimi nilizaliwa Rajkot, jimbo la Gujarat, nikaolewa Dar mwaka 1994, na nyumba yetu ya Upanga ndipo wanapopitia ndugu wengi wanaojiandaa kwenda India. Wazee wanawapa ushauri hapo sebuleni, kwa upendo kabisa, lakini India wanayoielezea ilishapita. Ushauri huo unaumiza watu. Umewapotezea wengine mali, umewabana mabinti, na ndugu waliobaki kule wanaona tunawadharau.

Anza kwa kuweka mwaka. Chukua daftari uandike kila unaloamini kuhusu India, na mbele yake uandike nani alikuambia, na mtu huyo aliishi kule mara ya mwisho lini. Mama mkwe wangu aliondoka Jamnagar 1958, na hadi leo humwonya kila msafiri kwamba Rajkot hakuna maji. Hakulitunga hilo. Ukame wa 1986 ulikuwa mkali kiasi kwamba maji yaliletwa mjini kwa treni, na barua za ndugu zilimfikishia habari hizo. Siku hizi maji ya mto Narmada yanasukumwa kwa mabomba hadi bwawa la Aji, pembeni mwa mji. Shida ya maji haijaisha Gujarat nzima, ila mtu anayebeba onyo la 1986 bila kulitaja mwaka hawezi kujua iliyobaki iko wapi. Ukishaandika tarehe, mambo mengi yataanguka yenyewe. Telegramu za serikali zilifungwa Julai 2013. Hata uwanja wa ndege wa Rajkot uliokuwa katikati ya mji umehama: tangu 2023 ndege zinatua Hirasar, kama kilomita 30 nje, upande wa barabara ya Ahmedabad. Nimesikia mzee akimwelekeza mjukuu wake kwa makini namna ya kutoka uwanja wa zamani kwa bajaji hadi nyumbani.

Baada ya daftari, piga simu, na uwe mwangalifu unampigia nani na unauliza nini. Ukimuuliza mjomba "habari za huko?" atajibu "nzuri, Mungu anajalia", na mazungumzo yataishia hapo. Zaidi ya hayo, kwetu mdogo hamsahihishi mkubwa. Ndugu wa Rajkot wanatusikiliza tukiwaeleza nchi yao wenyewe, wanaitikia kwa adabu, kisha wanakata simu. Mpigie mpwa au binamu mwenye miaka ishirini na kitu, umwambie waziwazi kwamba unataka kusahihishwa, halafu uulize vitu vidogo. Jana ulimlipaje muuza mboga? Kodi ya chumba chako ni rupia ngapi? Rafiki zako wa kike wanafanya kazi wapi, na wanarudi nyumbani saa ngapi? Mara ya mwisho ulikwenda ofisi ya serikali kufuata nini, na kipi ulikipata kwa simu? Mkilizungumzia hilo la muuza mboga peke yake, utajifunza zaidi kuliko kwa habari za mwezi mzima.

Huenda jibu lake likawa UPI, yaani mfumo wao wa kulipa kwa simu. Sisi wa Afrika Mashariki tumeizoea M-Pesa tangu 2007 na 2008, ndiyo maana wengi wetu tunadhani India bado wanahesabu noti. UPI ilianza 2016, nayo huhamisha fedha moja kwa moja kutoka akaunti ya benki hadi akaunti nyingine, benki yoyote. Muuza chai ana karatasi yenye msimbo wa kuchanganua, basi. Kwa mgeni asiye na akaunti kule kuna pochi ya UPI One World, iliyoanza 2023 wakati India ikiongoza G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa. Uliza habari zake mapema, na bado ubebe fedha taslimu kiasi. Ila usibebe zile noti za zamani za rupia 500 na 1,000 zilizolala kwenye sanduku la bibi: zilifutwa usiku wa tarehe 8 Novemba 2016, na muda wa kuzibadilisha, hata ule wa nyongeza waliopewa wakazi wa nje, uliisha 2017.

Sasa makaratasi, na hapa naomba usisome haraka. Wapo ndugu zetu wanaoamini kwamba binti hana fungu katika mali ya ukoo. Tangu tarehe 9 Septemba 2005 sheria ya mirathi ya Wahindu, inayowahusu pia Wajaini, Masingasinga na Wabudha, inampa binti haki sawa na ya kaka yake katika mali ya ukoo, tangu anapozaliwa. Agosti 2020 Mahakama ya Juu ya India, iliyoko Delhi, ilieleza kwamba haki hiyo ipo hata kama baba alifariki kabla ya 2005. Pamoja na hayo, dada zetu walioko nje wanaendelea kutumiwa hati za kuachia haki yao, huku wakiambiwa "weka sahihi tu, ndiyo desturi". Ukipata karatasi ya namna hiyo, usiiwekee sahihi mezani kwa mtu. Itafutie wakili wa kule, wa kwako mwenyewe, asiwe wa upande wa pili. Ukitaka kumwachia kaka yako, mwachie, ila uwe unajua kwamba ni chako unachompa. Kwa familia za Kiislamu sheria ni nyingine, kwa hiyo msikopeshane majibu.

Aliyechukua uraia wa Tanzania au Uingereza naye asihesabu kwamba angali raia wa India, maana India hairuhusu uraia pacha. Kuna kadi ya OCI, ya wenye asili ya India walio raia wa nchi nyingine, inayokupa ruhusa ya kuingia maisha yote. Haikupi kura, wala ruhusa ya kununua shamba, ingawa shamba unaweza kulirithi. Kadi za zamani za PIO, nazo za watu wenye asili ya India, ziliunganishwa na OCI mwaka 2015, kwa hiyo aliye nayo droo­ni aanze kuulizia ubalozini.

Zawadi nitazisema kwa ufupi. Acha sabuni na manukato, kule havikosekani tena. Hata vigae vingi tunavyotandaza Dar vinatoka Morbi, mwendo mfupi tu kutoka Rajkot. Peleka korosho, kahawa ya Kilimanjaro, kitenge kizuri.

Linaloniuma zaidi ni la mabinti. Kuna nyumba hapa Dar ambamo msichana anakatazwa kusafiri kikazi kwa sababu "India hawafanyi hivyo", wakati binamu yake wa kike yuko Pune au Bengaluru, anaishi na wenzake na kulipa kodi kwa mshahara wake. Wakwe nao wanauliza kwa nini mtoto ni mmoja tu, ilhali uchunguzi wa taifa wa afya ya familia wa 2019 hadi 2021 ulionyesha wastani wa watoto wawili kwa mwanamke India nzima. Kabla hujamzuia binti kwa jina la India, mpigie huyo binamu, na binti awepo akisikiliza.

Ukifika, jilinde na kosa la upande wa pili. Wapo wanaopanda Vande Bharat, treni mpya ya kasi, mara moja, wakarudi wakihubiri kwamba India imeshaipita Ulaya. Hewa ya Delhi mwezi Novemba inachoma koo. Tabaka bado linaulizwa kwenye ndoa, hata na vijana waliosoma. Gujarat pombe ni marufuku tangu 1960, na mgeni anahitaji kibali. Yaandike haya nayo kwenye daftari, kila moja na mwaka wake.

Kwa mzee asiyeweza tena kusafiri, fanya hivi: mwombe kijana wa kule apige simu ya video akiwa nje, kwa mfano Rajkot aanzie barabara ya Yagnik Road, apite sokoni na kituo cha basi, asikae sebuleni. Mwache mzee aulize anachotaka, na wewe usijibu kwa niaba ya kijana.